Chambo cha mbao: Fedha ya fundi iko kwenye mkono wa mwisho

MABAKI ya mbao katika karakana nyingi za useremala huishia jikoni. Kwa fundi wa Ndama, wilayani Karagwe, kipande cha musizi au paini chenye urefu wa sentimita 12 kinaweza kuwa bidhaa: chambo bandia cha umbo la samaki, kinachokokotwa nyuma ya mtumbwi kumvuta sangara.

Kuchonga si tatizo kwa mtu aliyezoea randa na msasa. Tatizo huanza baada ya rangi kukauka, fundi anapotakiwa kuchagua kitu cha kupaka juu ili maji yasiingie. Akikosea hapo, mbao hunywa maji, huvimba na kupasua rangi. Chambo huwa kizito, huacha kucheza majini na samaki hakifuati. Mvuvi aliyekinunua harudi tena, na huwaambia wenzake.

Suala hilo si geni. Mwaka 1936, mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, alichonga chambo cha koki, akakivisha karatasi ya kung'aa ya kufungia chokoleti, kisha akakifunika kwa filamu za picha zilizoyeyushwa ili maji yasipenye. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ambayo chambo zake huuzwa duniani kote. Leo fundi hahitaji kuyeyusha filamu, lakini swali ni lile lile: apake nini?

Njia zilizopo

Ya kwanza ni vanishi ya kawaida ya fanicha. Ni rahisi kupatikana na haihitaji kuchanganywa. Udhaifu wake ni kwamba hukaa nyembamba, hivyo inahitaji mikono minne au mitano, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine. Hata hivyo hukwaruzika haraka.

Ya pili ni gundi ya epoksi ya mirija miwili inayokauka kwa dakika tano. Hiyo inafaa kushikiza waya na kipande cha plastiki cha mdomoni, si kupaka mwili mzima. Hushika kabla fundi hajamaliza kuisambaza, huacha mabonde na hugeuka njano mapema.

Ya tatu ni epoksi nyembamba inayokauka polepole, ya aina inayotumika kupakia meza na fimbo za kuvulia. Mkono mmoja au miwili hutoa tabaka nene linalong'aa kama kioo. Hii ndiyo inayopendwa na watengenezaji wengi wa chambo cha mbao, lakini ndiyo yenye masharti mengi.

Ya nne ni rangi angavu ya magari yenye kopo la pili la kukaushia. Ni ngumu na huvumilia jua kuliko epoksi. Lakini hupulizwa kwa mashine, na mvuke wake una kemikali inayoweza kuharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Fundi asiye na kifaa maalumu cha kupumulia asiiguse.

Anayechagua ajue adui wa chambo ni nani. Sangara hana meno marefu ya kukata. Meno yake ni madogo na mengi, yanakwaruza kama msasa. Kinachoumiza zaidi ni ndoano zenyewe, ambazo hugonga ubavu wa chambo kila kinapocheza, pamoja na mawe. Kwa hiyo unene na ugumu vina maana kuliko mng'ao. Kwa chambo kitakachouzwa pwani kwa wavuvi wa nguru, ambaye meno yake hukata kama wembe, haja ya tabaka nene ni kubwa zaidi.

Kosa la kuzidisha dawa

Epoksi huja katika chupa mbili, ya resini na ya kikaushio. Fundi aliyewahi kutumia faiba au kuziba mabati ya magari amezoea kuongeza kikaushio kidogo akitaka kazi ishike haraka. Kwa epoksi, mazoea hayo ni hasara. Resini na kikaushio huungana kwa kiasi maalumu, kimoja kwa kimoja au kimoja kwa viwili kama kibandiko cha chupa kinavyosema. Kikizidi kimoja, ziada haina cha kuungana nacho, na chambo kitabaki kinanata hata baada ya wiki. Dawa ni kukwangua yote na kuanza upya.

Njia ya uhakika ni kupima kwa mabomba ya sindano, moja kwa kila chupa, bila kuyabadilisha. Kama chupa inaeleza vipimo kwa ujazo, usitumie mizani. Kama inaeleza kwa uzito, usitumie bomba. Koroga taratibu kwa dakika tatu hivi ukikwangua kuta na kitako cha kikombe, kisha hamishia kwenye kikombe kingine na ukoroge tena. Changanya kidogo kidogo. Epoksi hutoa joto inapoungana, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe kimoja huchemka na kuganda ingali mkononi.

Vaa glovu. Epoksi ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio ambao ukishaanza hauishi.

Hali ya hewa ya Karagwe

Epoksi nyingi hutengenezwa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25. Usiku wa nyanda za juu za Karagwe hushuka chini ya hapo, na msimu wa mvua huleta unyevu. Baridi huchelewesha kukauka. Unyevu huacha utando wenye mafuta au ukungu mweupe juu ya tabaka, na mkono wa pili ukipakwa juu ya utando huo hubanduka. Utando huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kisha chambo hukaushwa na kupigwa msasa.

Wengi hufikiria kuwasha jiko la mkaa ili chumba kipate joto. Hilo huongeza tatizo, kwa sababu hewa inayotoka kwenye moto huchangia kuleta utando ule ule, mbali na hatari ya sumu kwa aliye ndani. Afadhali kupaka asubuhi jua likishapanda, siku isiyo na mvua, na kuzitia chupa zilizofungwa ndani ya maji ya vuguvugu kabla ya kuchanganya. Epoksi hulainika na mapovu hutoka yenyewe.

Chambo kilichopakwa kisipozungushwa, epoksi hutiririka na kukusanyika tumboni. Gurudumu kuukuu la baiskeli lililofungwa wima linatosha: chambo hufungwa kwenye ukingo na gurudumu huzungushwa polepole hadi epoksi iache kutembea. Baada ya saa 24 chambo hushikika, lakini kisiingie majini kabla ya wiki moja. Matundu ya ndoano nayo yazibwe kwa epoksi. Maji mengi huingilia hapo.

Jaribu kabla ya kuuza

Kabla ya kununua chupa kubwa, tengeneza chambo vitatu, kila kimoja na mpako wake. Vipime kwenye mizani ndogo ya gramu, vizamishe kwenye ndoo kwa siku saba, vifute na uvipime tena. Kilichoongezeka uzito kimekunywa maji. Jaribio hilo halina gharama na linatoa jibu kuliko sifa za muuzaji.

Kisha piga hesabu. Tuseme mpako wa Sh40,000 unatosha chambo 40. Kila kimoja kina Sh1,000 za mpako. Vikiharibika 10 kwa kukosea vipimo, vilivyobaki 30 vinabeba zaidi ya Sh1,300 kila kimoja, bila kuhesabu ndoano, rangi na muda.

Soko nalo lisikadiriwe kwa matumaini. Wavuvi wengi wa Ziwa Victoria hutumia nyavu, au mishipi yenye chambo hai kama furu. Anayetaka kuuza apeleke vichache Bukoba, Kemondo au Muleba, awape wavuvi wajaribu na asikilize wanachosema. Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa, hupokea watalii wanaovua sangara kwa chambo bandia. Ziwa Burigi, lililo karibu zaidi, limo ndani ya Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, hivyo si mahali pa kwenda kujaribia chambo bila kibali. Kwingineko, ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa kuhusu leseni.

Kwa fundi asiye na uhakika wa soko, vanishi ya mikono mitano inatosha kuanzia. Epoksi inunuliwe pale mvuvi wa kwanza atakaporudi kutaka cha pili.