Pembe Imehamaje Bega?

Umewahi kutazama filamu ukashtuka? Mtu ameshika kikombe kwa mkono wa kulia. Kufumba na kufumbua, kikombe kiko mkono wa kushoto! Wengine husema, "Huyo mchawi." Si uchawi. Ni kosa la mfululizo. Hebu tuone linatokeaje.

Tuseme tunatengeneza filamu ya njia ya misafara, toka Tabora hadi Ujiji. Msafara wetu unaondoka Kwihara, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Mpagazi wa Kinyamwezi ameweka pembe ya ndovu bega la kulia. Sasa, watengenezaji wa filamu mara nyingi hawapigi picha kwa kufuata hadithi. Wakiwa mahali fulani, hupiga picha zote za mahali pale, maana kusafirisha watu na vyombo ni gharama. Basi mpagazi wetu anaweza kufika Ujiji leo, halafu akaondoka Kwihara wiki tatu baadaye! Hapo katikati kanyoa ndevu. Mvua imenyesha na majani makavu yamekuwa mabichi. Na ile pembe? Kasahau, kaiweka bega la kushoto. Kwa hiyo huwekwa mtu maalumu wa kuandika kila kitu: bega gani, nguo gani, kivuli kimeelekea wapi. Hupiga pia picha za kumbukumbu.

Katuni je? Katika katuni ndevu hazioti zenyewe, wala jua halisogei. Kila kilichomo kimewekwa na mtu. Lakini sekunde moja ya sinema ina picha 24, na zamani michoro ilifanywa kwa mkono na watu wengi. Huyu anachora, yule anapaka rangi. Mmoja akisahau, shati jekundu linakuwa la buluu, kisha jekundu tena. Tena viungo vilichorwa kwenye karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zikapangwa moja juu ya nyingine. Karatasi moja ikisahauliwa, mtu hana mkono. Jambo hilo halimpati mpagazi wetu, hata achoke vipi!

Siku hizi kompyuta imepunguza kazi. Katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilifuata michoro ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga. Wanyama wake wamejaa madoa. Mnyama akishachorwa kwenye kompyuta, mchoro ule ule huchezeshwa miguu na kichwa, na madoa hayahami. Ila mchoro wa kwanza ukikosewa, kosa hutembea na mnyama kila aendako.

Kosa huwa zito zaidi katika katuni za kufundisha. Ubongo Kids ya Dar es Salaam imefundisha watoto hesabu kwenye televisheni tangu mwaka 2014. Katika katuni kama hizo, mtoto akihesabu maembe matano, na picha inayofuata ikaonyesha manne, atauliza nani kala moja. Na mzazi aliyeketi naye atamjibu nini?