KUJALIDI KITABU NYUMBANI

Ni chache nyumba za Waislamu wa pwani yetu zisizokuwa na sanduku la kurasa zilizoachana: juzuu iliyofumuka mgongo, Maulidi ya Barzanji yaliyochanika, au daftari la babu lililoandikwa kwa mkono, lenye nyiradi zake na nasaba yake. Hapana athubutuye kuzitupa, wala hapana azisomaye, kwani hazishikiki. Wanaozifaidi ni mchwa na mende. Wenye nyumba husema watatafuta fundi, na miaka hupita. Kumbe kazi hii yaweza kufanywa nyumbani, juu ya meza ya kulia, na kijana wa miaka 12 akaiweza.

Wala si kazi ngeni kwetu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi katika karne ya 18 na ya 19 walionakili misahafu kwa mkono na kuijalidi, na baadhi ya misahafu hiyo ingaliko hata leo. Huko Maghribi, Ahmad al-Sufyani aliandika mwaka 1619 risala nzima juu ya ufundi huu. Hata maneno yetu yanaukumbuka: jalada latokana na neno la Kiarabu la ngozi, na ukurasa, ambao kwetu ni upande mmoja wa karatasi, watokana na kurrasa, yaani fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Hapo ndipo ilipo siri yote. Vitabu vingi vya siku hizi ni karatasi moja moja zilizopakwa gundi mgongoni. Gundi ikikauka hukatika, na kurasa huanguka. Kitabu kilichoshonwa kwa mafungu, hata kikifumuka, hushonwa tena.

Mwenye kujifunza aanze na karatasi tupu, asianze na daftari la babu. Atwae karatasi 40 za A4, azikunje kati kwa kati, tano tano, apate mafungu manane, ayalaze usiku kucha chini ya jiwe zito. Kisha atoboe matundu manne katika mkunjo wa kila fungu, mahali pale pale kwa yote. Uzi uwe mgumu, uliopakwa nta. Sindano iingie kwa nje katika tundu la kwanza, na nchi ya uzi iachwe ikining'inia. Itoke la pili, iingie la tatu, itoke la nne. Fungu la pili liwekwe juu yake, na sindano irudi kwa njia hiyo hiyo. Lakini kila inapotokeza nje katikati ya mgongo, ipite kwanza chini ya uzi wa fungu la chini, ndipo iingie tena. Mwishoni uzi ufungwe na ile nchi iliyoachwa. Kuanzia fungu la tatu, kila mwisho wa safu sindano ipitishwe baina ya mafungu mawili ya chini na kukazwa kwa fundo. Uzi ukazwe, lakini usikate karatasi.

Gundi iliyo bora ni ya jikoni: kijiko kimoja cha unga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, ipikwe huku ikikorogwa mpaka iwe uji mzito, ichujwe, itumike ikiwa imepoa. Mgongo upakwe na kubandikwa kitambaa kipana kuliko wenyewe, ili mbawa zake zishike majalada. Majalada yawe ya kadibodi, au ya karatasi kuukuu zilizobandikwa tabaka kwa tabaka; ila magazeti yachunguzwe kwanza, kwani hayakosi jina la Mwenyezi Mungu, walau ndani ya jina la Abdallah fulani. Kwa desturi ya mafundi wa Kiislamu jalada halizidi kurasa hata kidogo, na la nyuma huongezwa ulimi unaokunjwa na kuingia chini ya la mbele. Yavikwe bafta au kipande cha kanga, na kitabu kiwekwe chini ya uzito siku mbili bila kufunuliwa. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na jalada hupinda kama kigae.

Ama kitabu cha zamani, hicho chataka adabu zaidi, na kama ni msahafu mtu awe na udhu. Asitumie selotepu: baada ya miaka hugeuka manjano na kuacha doa lisilotoka. Mpasuko uzibwe kwa karatasi nyembamba na uji ule ule, na wino ujaribiwe kwanza pembeni kwa tone moja la maji, kwani wino wa zamani mwingine hutoka. Karatasi zilizoachana ziunganishwe mbili mbili kwa ukanda mwembamba, zipate mkunjo wa kushonwa. Katika nchi nyingine wanakili walikuwa wakiandika "Ya Kabikaj" mwanzoni mwa kitabu ili wadudu wasikile; nionavyo mimi mchwa hajui kusoma, na rafu kavu iliyo mbali na ukuta ni kinga bora.

Jambo moja zaidi. Kitabu cha mkono kisikatwe kingo ili kilingane, hata kama kinaonekana kibaya. Wazee wengi waliandika pembezoni, kwa herufi ndogo za kuinamia, tarehe waliyozaliwa watoto wao na usiku aliokufa mama yao.