Je, Wajua? Miungu wa Dinari za Roma

Je, wajua kwamba dinari, ile inayotajwa katika Injili kuwa ujira wa kutwa wa kibarua wa shamba la mizabibu, ilizaliwa vitani? Roma ilianza kuifua mnamo 211 KK, ikipigana na Hannibal wa Carthage. Upande mmoja alikaa Roma, mungu wa kike wa mji wenyewe, amevaa kofia ya chuma. Upande wa pili mapacha Castor na Pollux wakienda mbio juu ya farasi.

Je, wajua sarafu hizo zilifuliwa karibu na hekalu la Juno Moneta, juu ya kilima cha Capitolinus? Mwaka 46 KK Titus Carisius alitoa dinari yenye sura ya Juno huyo, na nyuma yake zana za mafundi: fuawe, koleo na nyundo. Ni sarafu chache za kale zinazowapa mafundi heshima kama hiyo.

Carisius alikuwa mmoja wa maofisa wa sarafu. Kwa desturi walikuwa watatu kila mwaka, mara nyingi vijana wenye kutafuta vyeo, nao walichagua miungu wa kuzipamba koo zao. Kwa hiyo mungu wa kwenye dinari alikuwa pia shahidi wa mwanasiasa. Julius Caesar, aliyedai ukoo wake unatokana na Venus, alimweka Venus upande mmoja, na upande wa pili Aeneas, mwana wa Venus, amembeba baba yake mzee. Mwaka 44 KK sura ya Caesar ikachapwa naye yu hai, jambo ambalo sarafu za mji wa Roma hazikuwahi kumfanyia Mrumi yeyote. Mwaka huohuo aliuawa. Brutus, mmoja wa wauaji, naye akatoa dinari yenye sura yake mwenyewe! Nyuma aliweka majambia mawili, kofia ya uhuru na tarehe ya mauaji.

Je, wajua Afrika nayo imo? Kwenye dinari ya Kaisari Hadrian ni mwanamke aliyejiegemeza, amevaa kichwa cha tembo, ameshika nge. Kaisari Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alimweka Caelestis, mungu wa kike wa Carthage, amepanda simba huku maji yakibubujika kutoka mwambani. Kwangu mimi hakuna dinari nzuri kuishinda hiyo. Mkewe, Julia Domna, alikuwa na Isis wa Misri amempakata Horus.

Je, wajua fedha yenyewe ilipungua? Kaisari Nero aliipunguza mwaka 64 BK, na kufikia 270 BK hivi sarafu za "fedha" zilikuwa na fedha chini ya asilimia 5.

Ukiikuta dinari ya makaisari katika makumbusho, usiishie kwenye uso wa kaisari. Uliza nyuma kuna nani, maana miungu wengi wako huko.