Mgonjwa Anayecheka Hajamsahau Mola Wake

Tulimzuru mzee mmoja aliyekuwa akingojea zamu ya mionzi ya saratani katika Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tulimkuta akicheza bao na kucheka. Mwenzetu akamkemea: “Mzee wangu, huu ni wakati wa istighfari!” Bao likawekwa kando. Nasi tulinyamaza, jambo linalotusuta hadi leo.

Hanzala (r.a.) alipodhani amenafiki kwa kuwa akiwa na wanawe husahau mawaidha ya Akhera, Mtume (s.a.w.) alimfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Na talbina, uji wa shayiri, aliusifu kuwa huuliwaza moyo wa mgonjwa.

Alhamisi tulirudi na chupa ya uji. Tukaomba bao. Tulifungwa mara mbili.