Kazi Ndogo za Nyumbani na Somo la Kutosha



Wapendwa wasomaji, likizo inapofika sisi mafrateri hurudi nyumbani na kupokewa kwa heshima ambayo bado hatujaistahili. Tunapewa kiti chenye egemeo, tunawekewa maji ya kunawa kabla ya wakubwa wetu, na jioni tunaulizwa tumesoma nini. Likizo iliyopita bibi yangu aliniuliza hivyo hivyo, mikono yake ikiendelea kusuka kikapu. Nikamjibu kwamba tunasoma falsafa.

"Nayo inatengeneza nini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nililipata wiki mbili baadaye, tena si maktabani, bali jikoni kwa kaka yangu mkoani Geita. Kabla sijafika huko, naomba tuzitazame kwanza kazi nne ambazo karibu kila nyumba ya kwetu Shinyanga inazifahamu, kwa sababu zinafundisha jambo moja ambalo nchi ya dhahabu inalihitaji sana.

Kikapu, ukuta, bustani na wanyama

Tuanze na kikapu cha bibi. Huchukua fungu la majani makavu, unene wa kidole, akaanza kulizungusha kutoka katikati, mahali anapopaita kitovu. Kila mzunguko hushonwa kwenye mzunguko uliotangulia. Zamani nilidhani ukubwa wa kikapu huamuliwa mwishoni, majani yanapokwisha. Sivyo. Huamuliwa kwenye kitako. Kitako kikifika upana unaotakiwa, msukaji husimamisha ubavu. Asiposimamisha, akaendelea tu kupanua, atapata sinia. Kwa hiyo swali la kwanza la bibi ni hili: "Cha nini?" Cha kupimia mtama, cha kuwekea karanga, au cha kupeleka unga msibani? Kazi ya kikapu ndiyo kipimo chake.

Pili, ukuta. Kila kiangazi mama hukandika upya ukuta wa jiko. Udongo mweusi wa mbugani hushika vizuri ukiwa mbichi, lakini ukikauka hupasuka. Mchanga haupasuki, ila peke yake haushiki. Basi huchanganywa, na hutiwa samadi ya ng'ombe, ambayo nyuzi zake za majani hushikilia udongo usiachane. Kisha hufuata rangi: udongo mwekundu, jivu jeupe, masizi meusi. Sehemu ya chini huachiwa watoto wachore wanachotaka. Usukumani kuchora ukutani si jambo la jana. Chama cha wacheza nyoka kilikuwa na michoro yake ndani ya nyumba, na Hans Cory alitoa kitabu kuhusu michoro hiyo mwaka 1953. Kanisa nalo halikuzidharau kazi hizi za mikono. Kule Bujora, Mwanza, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na kanisa la pale lina umbo la nyumba ya msonge.

Tatu, bustani. Shinyanga mvua ni chache, kwa hiyo mama hulima mchicha ndani ya gunia. Katikati ya gunia husimamisha nguzo ya kokoto ili maji yashuke hadi chini, pembeni hujaza udongo na samadi, kisha hutoboa matundu ubavuni na kupanda miche. Maji ni yale yaliyoosha mboga na vyombo bila sabuni. Viazi vitamu vikizidi, havingoji kuoza: hukatwa vipande na kuanikwa vibichi, tukapata michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vianikwe, tukapata matobolwa. Kwa kipimo kikubwa zaidi kuna ngitili, kipande cha malisho ambacho familia hukifunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki bila miti, baada ya misitu kufyekwa ili kumwondoa mbung'o na kupanua mashamba. Wataalamu na wanakijiji waliifufua ngitili ya wazee, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Siri yake ni ndogo: mtu ana majani mbele yake, ana ng'ombe wenye hamu, na bado anasema, "Si leo."

Nne, wanyama wa nyumbani. Paka hulinda ghala dhidi ya panya, mbwa hulinda ua, kuku hutupa mayai na pia hutuamsha. Bibi ana sheria moja: mnyama aliyefungwa hulishwa kabla ya mwenye nyumba kula, kwa kuwa hawezi kwenda kujitafutia wala kuomba. Nilipokuwa mdogo niliona ni uonevu, mbwa kunitangulia kula. Sasa naona kwamba mtoto aliyezoea kuulizwa kila jioni, "Umempa maji?", amejifunza kuangalia mwingine anapungukiwa nini. Kitabu cha Methali nacho kinamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Mzee Aristotle na dhahabu

Kazi hizi nne zinafanana kwa jambo moja: kila moja ina kikomo. Kikapu kina ubavu, ukuta una kona, gunia lina mdomo, na mbwa akishiba anaondoka. Anayezifanya kila siku hujifunza kusema neno gumu kuliko yote: inatosha.

Hapa ndipo falsafa inapoingia. Aristotle, aliyeishi Ugiriki karne ya 4 kabla ya Kristo, analizungumza jambo hili katika kitabu cha kwanza cha Siasa. Anatofautisha namna mbili za kutafuta mali. Ya kwanza ni utunzaji wa nyumba, ambao kwa Kigiriki huitwa oikonomia; ndilo neno lililozaa uchumi katika lugha nyingi za Ulaya. Katika utunzaji wa nyumba, mali ni chombo, na chombo chochote kina kipimo kinachotokana na kazi yake. Namna ya pili ni kutafuta fedha kwa ajili ya fedha. Hiyo haina kikomo, kwa kuwa haiulizi "ya nini?" Kisha Aristotle anamkumbusha msomaji hadithi ya Midas, mfalme aliyeomba kila anachokigusa kiwe dhahabu. Ombi likakubaliwa, na chakula chake nacho kikageuka dhahabu. Ni mali ya ajabu, anasema Aristotle, ambayo mtu anaweza kuwa nayo tele na bado akafa njaa.

Waisraeli walifundishwa somo hilo hilo jangwani. Aliyeokota mana ya kuzidi siku yake aliikuta asubuhi imeoza. Nasi katika sala aliyotufundisha Bwana tunaomba mkate wa siku hii, hatuombi ghala.

Jikoni kwa kaka

Sasa niwapeleke Geita. Kaka yangu ni mchimbaji mdogo. Amepanga vyumba viwili katika kijiji cha wachimbaji, na wakati ule mkewe alikuwa mjamzito wa miezi sita. Mama alikuwa amekwenda kumsaidia. Tayari alikuwa amepanda gunia la mchicha mlangoni na kukandika ukuta wa jiko, kwa sababu mama hawezi kukaa mahali wiki mbili bila kupageuza kwake.

Kwa asiyejua, kazi yenyewe huenda hivi. Mawe hutolewa kwenye duara, husagwa kwenye karasha, kisha huoshwa mwaloni. Mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki, ambayo hushikana na dhahabu na kuwa donge la kijivu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu hubaki. Wengi huchomea nyumbani kwa sababu inayoeleweka: mwaloni kuna macho mengi, na anayeonekana amepata hufuatwa na wenye madai na wezi.

Jioni ile kaka alileta donge lake kwenye kikopo na kuliweka juu ya jiko la mkaa, jiko lile lile la ugali. Shemeji alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale akichambua mchicha. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua zebaki ni sumu, tuliisoma sekondari. Nikanyamaza. Wasomaji, niwaambie ukweli kwa nini nilinyamaza: nauli iliyonifikisha pale ilitoka kwenye donge kama lile, na vitabu vyangu viwili pia.

Aliyesema ni mama, ambaye hakusoma kemia. "Baba, hicho kinaliwa?"

"Hapana, mama. Ni dakika chache tu. Wala hakina harufu."

"Jiko la chakula halichomi kisicholiwa. Kitoe."

Kaka alikasirika. Akasema dhahabu hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na itakayolipa hospitali mtoto akizaliwa. Mama akamwuliza, "Na inatosha kiasi gani hata uipikie juu ya mkeo?" Kaka akachukua kikopo, akatoka. Usiku ule hakula na sisi.

Kwa nini mama alikuwa sahihi

Kaka alisema kweli: mvuke wa zebaki hauna harufu, wala hauonekani. Hapo ndipo penye hatari. Huingia kwa pumzi, ukafika kwenye damu, ukadhuru ubongo na figo. Dalili mojawapo ya waliouvuta muda mrefu ni mikono kutetemeka. Kwa mjamzito huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mvuke ukipoa hutua: kwenye bati, kwenye ukuta uliokandikwa, kwenye sufuria, kwenye udongo wa bustani anapodonoa kuku. Kazi zote nne nilizozieleza huguswa kwa mara moja.

Balaa la zebaki liliwahi kuonekana kwa wanyama wa nyumbani pia. Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda kimoja kilimwaga baharini maji yenye zebaki, na samaki wakaibeba. Waliotangulia kuonyesha dalili ni pamoja na paka waliokula samaki hao: walizunguka ovyo kama wanaocheza ngoma, wakaanguka. Kisha watu wakaugua. Ugonjwa huo ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, una jina la mji huo. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mazoea mabaya ambayo mkataba unataka yakomeshwe ni kuchoma donge la dhahabu na zebaki katika makazi ya watu.

Kwa hiyo, kwa familia zetu za ukanda wa dhahabu, mambo haya ni ya lazima. Donge lisichomwe nyumbani, hata uani, hata kidogo. Sufuria au jiko la kuchomea lisirudi kupikia. Zebaki isihifadhiwe ndani, hasa kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuifungua. Nguo za kazi zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto. Wajawazito na watoto wakae mbali kabisa na uchomaji. Pia kuna chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba: mvuke hupita ndani ya bomba, hupoa, na zebaki hukusanywa itumike tena badala ya kupotea. Kinapunguza sumu na gharama. Hata hicho mahali pake ni mbali na nyumba.

Hakuna anayesema dhahabu ni dhambi. Kalisi tunayoiinua altareni imepakwa dhahabu, na huenda ilichimbwa na kijana kama kaka yangu. Swali ni lile la bibi: ya nini? Kama dhahabu ni kwa ajili ya nyumba, basi haiwezi kulipwa kwa nyumba.

Kaka bado anachimba. Alirudi kula siku ya pili, bila maneno, na mama akampakulia bila maneno. Baada ya miezi kadhaa yeye na wenzake watatu walichanga wakanunua chombo kile cha bomba. Mtoto alizaliwa, msichana, naye sasa anakimbiza vifaranga.

Mimi nilirudi kwa bibi na jibu langu. Nikamwambia falsafa haitengenezi kitu, ila inafundisha kuuliza "cha nini?" kabla ya kuanza. Nikamkiri pia kwamba nililijua swali hilo na bado nilinyamaza pale lilipotakiwa. Bibi hakunipongeza wala kunilaumu. Alinisogezea fungu la majani. "Haya, anza."

Nilishona hadi jioni nikisahau kusimamisha ubavu. Nilipata sinia.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.