TWAJUAJE KWAMBA JAMBO FULANI LIMEFAA SHULENI?

Kila matokeo ya mtihani yatangazwapo, maneno huwa mengi. Utasikia, "Shule ile iliweka kambi ya masomo na wanafunzi wake wamefaulu, basi nasi tuweke kambi." Wazazi huchanga fedha, walimu hukosa likizo, na wanafunzi hukosa usingizi. Lakini ni wachache wajiulizao: twajuaje kwamba kambi ndiyo iliyoleta ushindi? Huenda shule ile ilipata mwalimu mpya wa hisabati. Huenda ilichagua wanafunzi hodari tangu mwanzo. Jogoo huwika na jua likachomoza, wala si jogoo aliyelichomoza.

Swali hili lilipata jibu shambani kabla ya kuingia darasani. Mwaka 1919 Mwingereza mmoja, Ronald Fisher, alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Shida yake ilikuwa hii: ukitia mbolea katika kipande cha shamba kilicho karibu na mto, mazao yakastawi, utasifu mbolea au maji? Fisher alifundisha kwamba shamba ligawanywe vipande vingi, kisha kura iamue ni vipi vitiwe mbolea na ni vipi visitiwe. Kura haina upendeleo. Kwa hiyo udongo mzuri na mbaya hutawanyika pande zote mbili. Mwaka 1935 alitoa kitabu juu ya kupanga majaribio ya namna hiyo. Sisi wa Morogoro, tulio jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hatuna haja ya kuelezwa sana habari za mashamba ya majaribio.

Njia hiyo imekwisha kutumika katika shule zetu za msingi. Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianza jaribio liitwalo KiuFunza, likaendelea hadi 2014. Shule 350 ziligawanywa kwa kura. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Katika shule 70 nyingine, mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake. Shule 70 zilipata yote mawili, na 140 zilizobaki hazikupata kitu, ili ziwe za kulinganishia.

Baada ya miaka miwili ilionekana kwamba ruzuku peke yake haikuongeza alama. Tuzo peke yake ilionyesha dalili kidogo za kufaa. Lakini fedha na tuzo zilipokwenda pamoja, watoto walijifunza zaidi kwa dhahiri. Tena, wazazi wa shule zilizopata ruzuku walipunguza fedha walizokuwa wakitumia wenyewe kwa elimu ya watoto wao. Nani angalilijua hilo kwa kukaa tu na kukisia?

Mwanafalsafa Karl Popper aliandika mwaka 1934 kwamba wazo la kisayansi ni lile liwezalo kuonyeshwa kuwa si kweli. Mtu akisema, "Kambi husaidia, na wasiofaulu hawakuwa na bidii," wazo lake halishindwi kamwe, na kwa sababu hiyo halitufundishi kitu. Wazo la kwamba fedha peke yake zitapandisha alama liliwekwa mahali pa kuweza kushindwa, likashindwa, nasi tukapata elimu.

Hata hivyo, mtoto si mhindi. Mhindi haujui kwamba unapimwa; mwanafunzi ajua, naye huenda akabadilika kwa sababu hiyo tu. Tena wastani huficha watu: wastani waweza kupanda hali aliye nyuma yu pale pale. Na kura hutuambia kama jambo limesaidia, bali haituambii kwa nini, wala kama litasaidia mahali pengine.

Juu ya hilo la mwisho, milima yetu ya Uluguru ni mwalimu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Matuta hayo yamefaa katika nchi nyingi. Lakini hapa udongo wenye rutuba ni mwembamba. Kwa kuchimba, ulifukiwa chini, na udongo usiofaa ukaja juu. Mazao yakawa haba, watu wakachukia, na mwaka 1955 ghasia zikazuka huko Matombo. Mpango ukaachwa. Waliolima miteremko ile hawakuulizwa kwanza.

Basi, shule itakayo kuweka kambi na ifanye mambo matatu. Kwanza, iandike kabla ya kuanza ni matokeo gani yataonyesha kwamba kambi haikufaa. Pili, kama nafasi hazitoshi wote, zitolewe kwa kura, kisha waliopata na waliokosa walinganishwe. Tatu, iwaulize wanafunzi wenyewe, maana wao ndio walimao miteremko hiyo. Kazi hiyo yahitaji daftari moja na uaminifu, nayo ni rahisi kuliko mchango wa mzazi mmoja.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne