Gesi Ina Mita, Wimbo Je?

Gesi ya Ghuba ya Mnazi, kule Msimbati mkoani Mtwara, hufika Madimba ikiwa bado na maji na uchafu wake. Kiwandani hukaushwa, husafishwa na kupimwa, ndipo huingia kwenye bomba la inchi 36 kuelekea Dar es Salaam. Kiwanda hicho, kilichozinduliwa pamoja na bomba lake Oktoba 2015, kilijengwa kuchakata futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Hakuna futi inayoondoka bila kuandikwa.

Kwenye njia hiyo hiyo inapita bidhaa nyingine ya kusini ambayo hakuna anayeipima. Wimbo hupita kwenye bodaboda iliyofungwa spika, ukavuka Ruvuma kwa Wamakonde wa upande wa Msumbiji, ukapanda basi la usiku hadi Dar es Salaam. Aliyeutunga hubaki Mtwara akiulizia kama kuna shoo Jumamosi.

Ukitaka kuiona biashara hii kwa karibu, anzia stendi, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Kuna kompyuta iliyofutika herufi, waya wa chaji uliofungwa kwa utepe, na mteja aliyeleta flashi au memori kadi. Anataja anachotaka: singeli, taarabu, bongofleva mpya, "na zile za kwetu". Muuzaji anaburuta folda, anapokea pesa yake, mteja anaondoka na mamia ya nyimbo. Mtunzi hapati hata senti. Lakini tusimlaumu haraka kijana wa kibanda, kwa sababu mara nyingi mwimbaji mwenyewe ndiye aliyempelekea wimbo, akimwomba auweke kwenye kila flashi ili watu wamjue. Kibanda ndicho redio yake. Tatizo ni kwamba akishajulikana hana pa kwenda kudai.

Kipato chake halisi kinafuata korosho. Minada ya stakabadhi ghalani ikianza, kwa kawaida kuanzia Oktoba, pesa huingia vijijini kupitia vyama vya msingi, na hapo ndipo harusi, sherehe za kuwatoa wanawali na matamasha hujaa. Msanii anayejua soko lake hutoa wimbo Septemba, uwe umeshakaa midomoni malipo ya kwanza ya wakulima yanapotoka. Masika yakiingia, mialiko hukatika. Msanii huyo anaishi kwa kalenda ile ile ya mkulima, ila mkulima ana chama cha ushirika na mizani.

Majukwaa ya mtandaoni yalitarajiwa kumtoa kwenye utegemezi huo. Spotify ilifungua huduma zake Tanzania Februari 2021, na Boomplay, YouTube na Mdundo nazo zina wasikilizaji wake. Kwa msanii huru njia ni fupi: unamlipa msambazaji wa mtandaoni ada kwa dola, unapandisha wimbo, unasubiri. Ila kuna vizingiti ambavyo wengi huvigundua wakiwa wameshaingia. Baadhi ya wasambazaji huondoa nyimbo zako usipolipia mwaka unaofuata. Na tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Mwimbaji wa Kimakonde mwenye mashabiki waaminifu wanaomsikiliza kutoka kwenye flashi anaweza kuwa maarufu kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, na bado mashine ikamhesabu kuwa si kitu.

Mkoa huu una mfano wake mkubwa. Harmonize, mwana wa Mtwara aliyejipa jina la Konde Boy, alikulia kisanii ndani ya lebo ya WCB Wasafi, akatoka 2019 na kuanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide. Mwenyewe alieleza hadharani kwamba kutoka kulimgharimu shilingi milioni 500. Vijana wengi huitaja habari hiyo kama ushujaa. Mimi naisoma kama bei. Hicho ndicho kiasi ambacho mtu anaweza kutakiwa kulipa ili kumiliki kesho yake, na ni wachache mno wenye uwezo huo. Kujitegemea tangu siku ya kwanza ni rahisi zaidi, ingawa ni polepole.

Anayetaka kuona kujitegemea kunavyofanya kazi kwa mtu mwenye urithi wa kuuza, amtazame mwimbaji Sevda Alizadeh, anayejulikana kama Sevdaliza. Alizaliwa Tehran 1987 na kupelekwa Uholanzi akiwa mtoto wa miaka 5. Muziki wake ni wa kielektroniki wenye huzuni ya ndani, sauti ikitembea taratibu juu ya midundo mizito. Albamu yake ya kwanza, ISON, aliitoa 2017 kwa lebo yake mwenyewe, Twisted Elegance. Mwaka huo huo aliimba kwa Kifarsi katika "Bebin", kupinga amri ya Donald Trump iliyowafungia raia wa Iran na nchi nyingine mlango wa Marekani. Hakuna bosi aliyeweza kumwambia Kifarsi hakiuzi.

Kwa msomaji wa pwani hii, Iran si mbali. Masimulizi ya Kilwa yanataja masultani waliotoka Shirazi, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023 katika jarida la Nature, uliohusisha mifupa ya kale kutoka maeneo kama Kilwa na Lindi, ulionesha mchanganyiko wa Waafrika na watu wa asili ya Uajemi ulioanza takribani mwaka 1000. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Zanzibar, una asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Hata Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alikuwa mtoto wa Waparsi, watu ambao asili yao ni Iran. Zanzibar ilimfungulia makumbusho 2019 na watalii wanakwenda. Lakini 2024, iliporipotiwa kwamba Sony inanunua nyimbo za Queen, bendi yake, kwa takribani pauni bilioni 1, fedha hizo hazikuwa na njia ya kupita Forodhani. Asili haina hati. Hati inayo rekodi.

Narudi kwa Sevdaliza, kwa sababu wimbo wake uliovuma kuliko zote ndio wenye funzo gumu zaidi kwetu. "Alibi" wa 2024, aliouimba na Pabllo Vittar wa Brazili na Yseult wa Ufaransa, umebeba kipande cha "Rosa", wimbo wa pwani ya Karibi ya Kolombia unaohusishwa na Magín Díaz, mzee wa kijiji cha Gamero aliyefanya kazi kwenye miwa. Waimbaji wakubwa waliurekodi kwa miongo mingi jina lake likiwa halitajwi. Albamu iliyomrudishia heshima ilitoka 2017, naye akafariki mwaka huo huo, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Mtwara ina akina Díaz wangapi? Viitikio vya sindimba, nyimbo za wanawali na nyimbo za kuvuta nyavu vimeanza kusikika juu ya midundo ya amapiano, na vinapendeza kweli. Nyingine za unyagoni hazifai kutoka nje hata kidogo, na hilo waamue makungwi wenyewe, si prodyuza. Kwa zile zinazotoka, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na inazitambua pia sanaa za jadi. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husajili kazi, na cheti chake husaidia sana ugomvi ukifika mahakamani. Ila ugomvi mwingi huzaliwa mapema kuliko hapo, usiku wa kurekodi, watu wanapokuwa bado marafiki. Prodyuza ametoa biti bure, rafiki ameongeza ubeti, na faili la wimbo limebaki kwenye kompyuta ambayo si ya mwimbaji. Hakuna aliyeandika neno.

Katika studio moja ya Mtwara mjini, chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro ya zamani, ambako feni huzimwa kila kipaza sauti kinapowashwa, nilioneshwa karatasi ya daftari iliyopigwa mistari kwa rula. Mstari wa kwanza: mwimbaji, ambaye pia ndiye mwenye masta. Wa pili: mtengeneza biti. Wa tatu: mpiga gita. Kila mmoja ameweka asilimia yake na sahihi. Mstari wa nne ulikuwa wa kiitikio, na ulikuwa wazi. Mwimbaji, binti, alikipata kwa bibi yake kijijini, na jioni hiyo alikuwa anamsubiri mjomba arudi kutoka shambani na simu, amuulize bibi jina lake kamili.